Kitanda cha Karavani

Nimelala mahali pengi. Nimelala nyumba za wageni za Arusha na Mbale, nimelala juu ya magunia ya vitunguu nikitoka Taveta, na mwaka mmoja nilikaa miezi minane Lodwar kwa sababu tu gari lililonipeleka halikurudi. Nimeshavuka arobaini na sijapata kukaa mji mmoja miaka mitatu mfululizo. Watu wakiniuliza niliupata wapi ugonjwa huu wa kutangatanga, huwaambia niliupata kwa wazazi wangu. Hawaniamini. Wanaowakumbuka wazazi wangu huwakumbuka kama watu wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambao safari yao kubwa ilikuwa kwenda Tudor, humo humo mjini, kumwona mgonjwa.

Lakini walisafiri, tena mbali. Walifika Kitale, wakafika Kampala, wakafika Dodoma, wote wawili wakiwa na mvi, wakivuta nyuma ya pikapu kuukuu nyumba ya magurudumu mawili aliyoiunda baba kwa mikono yake. Mimi ndiye niliyekuwa dereva ile safari ya kwanza, katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kuchomelea vyuma bandarini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimeachishwa kazi ya kuendesha gari la watalii kwa kuwa msimu ule watalii walikuwa haba. Wao walikuwa na muda na gari, mimi nilikuwa na leseni.

Ili mtu aelewe kwa nini walisafiri, lazima kwanza aijue nyumba yetu. Ilikuwa nyumba ya babu, upande wa baba, ya mawe, ghorofa mbili, na ndani yake tuliishi watu kumi na saba. Chumba cha wazazi wangu kilikuwa ghorofa ya juu na kilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitokea ukumbini. Wa pili uliingia kwenye ngazi ya kupandia paani, na ngazi nyingine hapakuwa. Kila mwenye nguo ya kuanika, kila mwenye pilipili ya kukausha, kila aliyetaka kupunga upepo au kutazama mwezi mwandamo, alipita kati ya kitanda cha mama na kabati lake. Walipiga hodi, ndiyo, lakini hodi ya nyumbani kwetu ilipigwa mtu akiwa tayari yuko katikati ya chumba.

Mama aliolewa akaingia chumba hicho akiwa na miaka kumi na tisa. Baba alipostaafu, mama alikuwa amekaa humo miaka thelathini na mmoja.

Mwenye amri katika nyumba ile alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyefiwa na mumewe mapema akarudi kwao. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwake. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki msomaji amdhanie hivyo. Alitulea sote kwa haki, na samaki alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekula kichwa. Ila nyumba ilikuwa yake, na mgeni akiingia, yeye ndiye aliyesema karibu. Mama alisema karibu baada yake, kwa sauti ya chini, kama maamuma nyuma ya imamu.

Haya mengine alinisimulia mama mwenyewe baadaye. Wiki ile baba alipopewa kiinua mgongo chake, alimuuliza mama anataka nini. Baba alidhani ataambiwa bangili, au nauli ya Umra. Mama akamwambia anataka kulala mahali ambapo hapatapita mtu. Baba akatembea na neno hilo siku mbili nzima. Siku ya tatu akakumbuka kitu alichokiona bandarini zamani: karavani ya Mzungu ikishushwa melini, nyeupe, ina dirisha na pazia. Siku ile aliizunguka mara tatu mpaka msimamizi akamwita arudi kazini.

Akaenda Shimanzi kwa rafiki yake mwenye karakana, akatafuta fremu ya trela lililokufa, akaanza kazi. Ilimchukua miezi minne. Fremu aliichomelea upya, kuta akazifanya kwa mabati membamba nje na mbao ndani, na juu akaweka paa la mviringo ili, kama alivyosema, upepo upite bila kugombana nalo. Rangi ilikuwa ya kijani kwa sababu ndiyo iliyobaki karakanani. Ndani mlikuwa na kabati, meza ya kukunja, stovu ya mafuta ya taa, na kitanda. Kitanda hicho alikifanya cha mwisho, na alikipiga msasa wiki nzima. Mama alishona godoro la sufi na mapazia ya leso. Nakumbuka siku alipopelekwa kuiona. Aliingia, akakaa kitandani, akauliza mlango wa pili uko wapi. Baba akasema hakuna mlango wa pili. Mama akainamisha kichwa akacheka peke yake, kicheko kirefu, hata yule rafiki wa baba akatoka nje kwa heshima.

Mpango ulikuwa kwenda hadi Kisumu na kurudi, wiki mbili, polepole, tukilala popote jua litakapotuacha. Wao wangelala ndani ya karavani, mimi ndani ya pikapu.

Kosa tulilofanya ni kuaga.

Kwetu mtu hasafiri bila kuaga, na kuaga si kupunga mkono. Unakwenda nyumba kwa nyumba, unakunywa kahawa, mnaombana radhi, unapokea dua na salamu za kupeleka. Mama aliaga kwa siku nne. Kila alikoaga aliulizwa mtapita wapi, mtafika lini, na kila mtu alikuwa na ndugu huko. Shangazi naye alifanya lake. Alikwenda kwa miguu hadi Mwembe Tayari, kunakoondokea mabasi ya bara, akawakabidhi makondakta salamu za kila mji: ndugu yangu na mkewe wanapita Jumatatu, wapokeeni. Alifanya kwa mapenzi. Kwa hivyo tulikuwa tunakwenda kutafuta mahali pasipo na mtu, na kabla hatujavuka Makupa kutoka kisiwani tulikuwa tumeshamwambia kila mtu tutakuwa wapi na siku gani.

Voi, binamu yake baba alikuwa amesimama kando ya barabara tangu baada ya sala ya adhuhuri. Alitusimamisha kwa mkono ulioinuliwa kama askari wa trafiki. Baba alijaribu kueleza kuwa tuna kitanda chetu, akamfungulia mlango akamwonyesha. Binamu akatazama, akasifu ufundi, akagonga ukuta kwa vidole, kisha akabeba mkoba wa mama akaondoka nao. Tulilala kwake. Mama alipewa chumba kimoja na mama mkwe wa binamu, bibi mwema aliyekoroma.

Nairobi tulipokewa Majengo na mtoto wa ami yake mama, mwanamke mwenye mdomo. Baba alimwambia kwa adabu kuwa tutaegesha hapo hapo mbele ya mlango, tutakula kwake, lakini tutalala garini.

"Mulale garini?" akasema. "Watu wa hapa mwawajua? Kesho asubuhi nitaulizwa: wale wazee wa Mombasa wamekukosea nini hata ukawafungia nje? Na mimi niseme nini? Niseme wao wenyewe walipenda? Nani ataamini?"

"Tutawaambia sisi," baba akasema.

"Nyinyi mutakuwa mumeshaondoka, shemeji. Mimi ndimi nitakayebaki na majirani."

Tukalala ndani. Nakuru hivyo hivyo.

Nisije nikafanya safari ile ionekane ya mateso. Mchana ilikuwa raha tupu, na hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa na tangawizi pamoja moyo wangu huondoka. Karavani haikulaliwa, lakini ilinywewa chai kila mahali. Mama alikuwa hajapata kuvuka Mariakani. Alisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, pamoja na matangazo ya sabuni. Tsavo aliona ndovu wekundu kwa vumbi akauliza nani aliyewapaka rangi, na baba akamjibu kuwa ndiyo iliyobaki karakanani. Pale ambapo barabara hutokeza ukingoni na Bonde la Ufa likafunguka lote chini yako, alinishika bega nisimamishe. Kulikuwa na baridi. Akavaa koti la baba juu ya buibui, akawasha stovu, akakaa kwenye kidaraja cha mlango na kikombe chake, akanywa vikombe viwili akitazama chini bondeni. Wenye malori waliokuwa wakipanda walimpigia honi. Aliwapungia mkono kama mtu aliyezaliwa hapo.

Baba naye alikuwa amerudi ujana. Kila tuliposimama alishuka na nyundo ndogo akagonga matairi na viungo vya trela, sikio limeinama. Sikujua kulirudisha trela kinyumenyume. Ukikata kulia lenyewe linakwenda kushoto. Kwenye kituo kimoja cha mafuta nililikunja mpaka karavani ikawa inatazamana na pikapu uso kwa uso. Watu wakajaa. Baba hakukasirika. Aliwaambia wale watu kuwa vitu viwili vilivyofungwa pamoja mara nyingine hutaka kutazamana, na mama akajifunika uso kwa leso kwa kucheka.

Kisumu ndiko mambo yalikofika kikomo. Aliyetupokea alikuwa mzee aliyefanya kazi na baba bandarini zamani, akarudi kwao. Alikuwa na vyumba viwili, na alikuwa ameshaamua kuwapa wazazi wangu chumba chake, yeye na mkewe walale sebuleni chini. Mama alipojua aliniambia hawezi, ni dhambi. Baba akapata akili mpya. Akamwambia rafiki yake kwamba mtaa haujui, na karavani ina vyombo vyake vya ufundi, kwa hivyo lazima alale humo ailinde, na mkewe atamfuata asimwache peke yake.

Rafiki alimsikiliza kwa makini. Akasema ni kweli, mtaa una wezi. Lakini mke wa mtu hawezi kuachwa alinde gari. Akaingia ndani akatoka na shuka na mto. Yeye atalinda pamoja na rafiki yake.

Hivyo ndivyo kitanda kile, kilichopigwa msasa wiki nzima, kilivyolaliwa mara ya kwanza: na baba pamoja na mzee wa Kisumu, wakizungumza habari za kreni na mabosi waliokufa mpaka alfajiri. Mama alilala ndani na mke wa mzee. Mimi nililala kwenye pikapu na niliwasikia wazee wale wakicheka kama watoto wa madrasa.

Asubuhi mama aliniomba nimpeleke ziwani. Alisimama akatazama maji yasiyo na chumvi, akayaonja kwa kidole, akasema ni kweli. Nikadhani amefurahi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nimekuja hadi mwisho wa nchi, mwanangu. Bado napitiwa na watu."

Nilikuwa nimekula, nimelala na nimecheka katika kila nyumba ile, na sikuwa nimewaza hata mara moja kuwa safari ilikuwa na jambo lake na jambo lenyewe lilikuwa halijatendeka. Siku zilizobaki zilikuwa nne tu, na miji ilikuwa ile ile.

Tangu hapo mama alianza kupanga. Hakumwambia mtu. Nairobi, tulipolala tena Majengo, alikwenda mwenyewe kwenye simu akampigia shangazi kumwambia kuwa tutaondoka Alhamisi, tutalala Voi, tutafika nyumbani Ijumaa. Kisha Alhamisi hiyo akatuamsha kabla ya alfajiri, akasali, akaingia garini, akaniambia niende na nisisimame ila kwa mafuta.

Tulipokaribia Voi aliniambia niongeze mwendo. Baba alivua kofia akaificha chini ya miguu, kana kwamba binamu yake angemtambua kwa kofia tu na asiione nyumba ya kijani iliyokuwa ikimfuata. Mama aliinama mpaka kichwa kikawa magotini. Tulipita mji mzima hivyo. Aliponyanyuka shungi lilikuwa limekaa upande, machozi ya kicheko yakimtoka, na baba akamwambia hakujua kuwa alioa mhalifu.

Tulivuka Makupa alasiri. Mimi nikashika njia ya nyumbani, kwa mazoea. Mama akanigusa mkono.

"Usiingie mjini. Nenda Mama Ngina."

Baba alimgeukia. Nadhani ndipo alipoelewa, maana alianza kutabasamu taratibu, akajifuta paji la uso, akatazama mbele.

Basi tukaenda Mama Ngina, kule ufukweni ambako nusu ya Mombasa hutoka jioni kupunga upepo. Nililipanga gari sambamba na bahari, safari hii bila kulikunja. Wauza muhogo walikuwa ndiyo wanawasha moto, na meli moja ilikuwa inaingia Kilindini polepole, karibu hata ungeweza kuwahesabu mabaharia. Mama akafungua madirisha, akatandika shuka mpya ambayo ilikuwa imekaa ndani ya mfuko wake wiki mbili, akapangusa kabati. Wazazi wangu walikuwa wamesafiri hadi Kisumu na kurudi, na sasa wangelala mwendo wa nusu saa kutoka kitanda chao. Hakuna aliyejua kuwa wamefika. Mimi nilikuwa nijitafutie malazi kwa rafiki yangu Tudor. Nilikuwa ninachukua shati langu niondoke.

Kitu kimoja tulikuwa tumekisahau sote watatu. Daktari alikuwa amemwambia shangazi atembee kwa sababu ya sukari, naye alitii: kila Alhamisi alitembea kutoka Kibokoni mpaka kwa muuza muhogo wa Mama Ngina.

Nilimwona amesimama mbele ya karavani, fimbo mkononi. Alitazama kwanza magurudumu, kisha mapazia ya leso, kisha mimi.

"Leo si Ijumaa," akasema.

Baba aliinuka kitini akaanza maneno kuhusu tairi, na njia, na jinsi tulivyofika sasa hivi tu na tulikuwa karibu kuja. Hakuna mtu duniani anayedanganya vibaya kama baba yangu. Shangazi hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anautazama mlango, kwa sababu mama alikuwa ametokea mlangoni.

Nilijua kinachokuja. Nilikuwa nimekiona Voi, nimekiona Nairobi, na wale walikuwa wenyeji wa usiku mmoja tu. Huyu alikuwa mwenye funguo. Mama alishika ukingo wa mlango. Nikaona amevuta pumzi.

"Masalkheri, wifi," akasema. "Karibu. Karibu kwangu."

Sijui kama baba alilisikia neno lile kama nilivyolisikia mimi. Shangazi alilisikia. Akavua viatu vyake akaviweka pembeni, akapanda. Mle ndani hakuna pa kukaa ila kitandani, basi akakaa kitandani, mgongo umenyooka kama wageni wanavyokaa. Mama akawasha stovu. Mimi na baba tulibaki nje, mlango wazi, tunaona kila kitu na hatujui mikono yetu tuiweke wapi.

Mama alimpa chai na kipande cha mkate wa mayai aliotoka nao Nairobi. Alimuuliza hali ya sukari, hali ya magoti, habari za kila mtu wa nyumbani mmoja mmoja. Shangazi akajibu zote. Akabonyeza godoro, akauliza sufi ilitoka wapi. Akafungua kabati akafunga. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Haya, chukueni vitu vyenu twende. Kuna samaki wa kupaka."

"Sitakuja leo, wifi," mama akasema.

"Utalala wapi?"

"Hapa."

"Hapa barabarani? Na nyumba yenu ile pale? Watu wakiwaona watasema nini, kuwa nimewafukuza?"

Mama alikuwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Hakupandisha sauti.

"Hawatasema kitu, maana hawajui. Wifi, tangu niingie nyumba ile sijalala usiku mmoja bila mtu kupita chumbani mwangu. Simlaumu mtu. Nguo hazina budi kuanikwa. Lakini nataka usiku mmoja. Nimeufuata hadi Kisumu sikuupata, kila mtu alikuwa mwema mno. Leo nimeupata na siutoi."

Nilisikia muhogo ukichemka kwenye mafuta ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani shangazi atainuka na kuondoka, na kwamba kesho nyumba itakuwa baridi, na keshokutwa pia, na kwamba mama atalipa usiku huu kwa miaka.

Shangazi alitia mkono tena kwenye godoro, akapima upana wa kitanda kwa shibiri, kutoka ukuta mpaka ukingo.

"Chembamba," akasema. "Na huyu ndugu yangu hulala amejitanua tangu utoto. Atakuangusha."

"Nitamsukuma."

"Msukume kwa nguvu. Huwa hasikii."

Akashuka, akavaa viatu vyake. Baba akamshika mkono kumsaidia na shangazi akauachia mkono wake humo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akanigeukia mimi akaniuliza nami nalala hapo au vipi. Nikamwambia naenda Tudor. Akasema nimsindikize basi.

Tulitembea taratibu. Alinunua muhogo, pilipili nyingi, akanipa nusu. Tukaliacha lile kundi la watu nyuma yetu.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Kwa nini hakuniambia?"

Nilikuwa kijana, na safari ilikuwa imenitoa woga.

"Angekwambia ungefanya nini, shangazi?"

Akafikiri huku anatafuna.

"Ningekasirika."

"Halafu?"

"Halafu ningeamka kesho yake nikakasirika tena." Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mwili mzima, mpaka akasimama akaegemea fimbo. "Wamepita Voi vipi? Yule binamu yetu macho yake ni ya mwewe."

Nikamweleza habari ya kofia na ya mama kuinama. Ilibidi akae ukutani. Tulipofika karibu na Ngome, mwanzo wa Mji wa Kale, aliniambia niishie hapo nikate kwenda Tudor, maana nikionekana mimi mtaani wao watatafutwa. Akaenda zake mwenyewe, na kutoka nyuma nilimwona mabega yake bado yakitikisika.

Asubuhi nilirudi Mama Ngina saa nne. Nilifika nikipiga kelele za makusudi kutoka mbali, nikikohoa kama mzee. Hapakuwa na haja. Walikuwa wamekaa nje, wanakunywa chai, mama amekaa kiti cha baba na baba amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu aliyelala mpaka usingizi ukamwisha wenyewe. Baba alikuwa na nundu juu ya jicho la kushoto. Alianguka, akasema, na hakuonekana kujuta.

Tuliingia nyumbani kabla ya sala ya Ijumaa, kwa miguu, maana karavani haiwezi kupita vichochoro vyetu. Tuliiacha kwa rafiki wa baba. Nyumba nzima ilikuwa imeshuka ukumbini kutupokea. Majirani walikuwa wamejaa, na kila mtu alitaka kujua salamu zake zimefika. Shangazi alikuwa amekaa mahali pake, funguo kiunoni. Akapokea mikono yetu mmoja mmoja.

"Safari ndefu," akamwambia mama mbele ya watu wote. "Na jana mulilala wapi?"

"Mahali pazuri, wifi," mama akasema. "Tulistiriwa."

"Alhamdulillahi."

Hakuna hata mmoja wao aliyetabasamu. Nilikuwa katikati yao na nilitafuta dalili kwenye nyuso zile, sikuona. Kisha shangazi akamtazama baba kwa muda, akainamisha kichwa upande kama mtu anayejali sana afya ya ndugu yake.

"Na wewe, hilo jicho limefanya nini?"

Baba akajishika uso. Akafungua mdomo, akatutazama sote, akaanza kueleza habari ya mlango wa pikapu, na mama akageuka haraka akaingia jikoni.